Kitabu Alichokihifadhi Fisi

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaazimana chumvi na kupelekeana salamu, jua liliikalia nyika ya Mkomwa kama mgeni asiyejua kuaga. Visima vikakauka. Nyasi zikawa vumbi. Maji yaliyobaki yalikuwa ng'ambo ya vilima, mbali mno kwa miguu ya watoto, na kila mama aliyetaka kwenda kunywa alihitaji mtu wa kumwachia mwanawe.

Simba akaitisha mkutano. Simba alipenda sana mikutano, kwa kuwa wengine wote walikaa chini naye akakaa juu.

"Nani atawalinda watoto pangoni?" akauliza.

Hakuna aliyelijibu swali, ila kila mmoja alikuwa na maoni. Twiga alisema ukame umeletwa na wafupi, maana wao ndio wanaokula majani ya chini na kuiacha ardhi uchi. Kobe alisema vijana hawajui historia. Enzi za babu yake mvua ilinyesha kwa adabu, tena ilibisha hodi kwanza. Nyani alisema shida ni moja tu, siku hizi watu hawasomi vitabu. Yeye mwenyewe hakuwahi kusoma hata kimoja, lakini alikuwa amekalia kimoja. Kilikuwa kitabu kinene chenye jalada la ngozi ya mbuzi lililoshonwa kwa uzi mwekundu, ambacho msafiri fulani alikisahau njiani. Nyani alikifanya kigoda.

Ndipo Fisi akasimama, akakohoa kisomi.

"Mtukufu Simba, mimi nimeacha nyama."

Tumbusi aliyekuwa mtini nusura adondoke.

"Umeiacha wapi?" akauliza Sungura.

"Nimeacha kuila, wewe mwenye masikio!" Fisi akafoka, kisha akakumbuka upole. "Nyama, ndugu zangu, ni chakula cha washamba. Inaziba tumbo na inaharibu mazingira. Isitoshe, historia inaonyesha kwamba babu zetu sisi mafisi walikula majani tu. Nyama tulifundishwa na wengine." Akamtupia Simba jicho, halafu haraka akatazama mawingu, ambayo hayakuwapo.

"Na historia hiyo umeisoma wapi, Mwalimu?" akauliza Sungura.

"Vitabuni. Kama hicho alichokalia Nyani." Upepo ulimletea harufu ya ngozi ya mbuzi, macho yake yakalegea. "Nipeni nikae nacho pangoni. Nitawafundisha watoto huku nikiwalinda."

Simba hakuogopa kitu chochote nyikani isipokuwa kuonekana hajasoma. "Naam, kitabu hicho nakifahamu," akanguruma. "Ni kizuri. Hasa mwisho wake."

Basi Fisi akapewa kitabu, akapewa pango, akapewa na cheo: Mhifadhi Mkuu wa Watoto na Mazingira. Wanyama wakapiga makofi. Wakarudi makwao wakiwa na kiu ile ile, lakini wameridhika kwamba wamesikilizwa.

Asiyeridhika alikuwa mmoja, Bi Chiku, mama digidigi, ambaye mtoto wake Kidoti alikuwa hajaacha hata kunyonya. Jioni hiyo alimfuata Sungura shimoni kwake.

"Shemeji, kesho alfajiri akina mama tunaondoka," akasema. "Nisipokwenda kunywa, maziwa yanakauka na mtoto anakufa. Nikienda, namwacha na Fisi. Niambie, nichague lipi?"

"Lakini si ameacha nyama?"

"Shemeji, usinitanie. Leo amemwita Kidoti 'kitoweo', halafu akasema ulimi umeteleza."

Sungura akajikuna sikio. "Basi kabla hamjaondoka tumwombe atusomee kidogo. Msomi wa kweli atafurahi."

Alfajiri wote wakakusanyika mlangoni pa pango. Fisi alitoka akiwa na tumbo la mviringo na uso wa mtu aliyekesha na elimu.

"Mwalimu," Sungura akasema kwa heshima zote, "akina mama hawa wanakwenda mbali. Tuletee kitabu utusomee ukurasa mmoja, watembee na moyo mkunjufu."

Fisi akajipangusa mdomo. "Kitabu? Ah, hakihitajiki tena. Nimekihifadhi."

Wanyama wakaguna kwa mshangao. Katika nyika ile, mtu aliyehifadhi kitabu kizima, neno kwa neno, alikuwa akipishwa njiani hata na kifaru.

"Chote?" akauliza Kobe.

"Chote. Kuanzia jalada."

"Umekihifadhi kifuani, Mwalimu?" akauliza Sungura.

"Kifuani, ndiyo."

"Au chini yake kidogo?"

"Kijana, kwa msomi kama mimi ni mle mle."

"Hongera! Basi kama umekihifadhi, tusomee hivyo hivyo, bila kukishika. Mlango wa kwanza."

Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. Kote kulikuwa na masikio. Akafumba macho.

"Mlango wa kwanza: Mazingira. Mazingira ni vitu vinavyotuzingira. Navyo ni miti, mawe, na watoto."

"Maneno mazito," akanong'ona Twiga.

"Mlango wa pili: Historia. Hapo kale palikuwa na watoto wengi. Leo wamepungua. Wataalamu hawakubaliani ni kwa nini."

"Na wa tatu?" Sungura akauliza taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. "Wa tatu si ndio wa chakula?"

"Chakula," akasema Fisi, na sauti yake ikalainika. "Chakula bora ni majani. Majani machanga. Majani yaliyonona kidogo mapajani, yenye kwato ndogo ndogo, yanayolia ukiyashika shingo, na mifupa yake ukiitafuna inasema kachu, kachu..." Mate yalikuwa yakimchuruzika hadi magotini.

"Mama," akauliza Kidoti, "kumbe majani yana mifupa?"

Fisi akafumbua macho. Alipoona jinsi anavyotazamwa, akaangua kicheko.

"Sitiari! Hiyo ni sitiari, jamani! Lugha ya vitabuni! Nyinyi hamjasoma!"

Lakini alikuwa ameachama mno. Katikati ya meno yake, kila mtu akaona kipande cha ngozi ya mbuzi na uzi mwekundu ukining'inia.

"Kigoda changu!" Nyani akapiga ukelele. "Amekila kigoda changu!"

Wote wakamgeukia Simba. Simba akanyoosha manyoya ya shingo, akachukua muda wake.

"Nilijua tangu mwanzo," akasema. "Nilikuwa nawapima akili."

Wanyama wakamshukuru kwa kuwapima.

"Mtukufu," akasema Sungura, "Mwalimu Fisi ametuambia ameacha nyama. Tusimvunjie msimamo wake. Apewe kifungua kinywa."

Wakamletea rundo la majani makavu ya mgunga, miiba ikiwamo. Fisi akatafuna tonge moja, akakohoa, akatafuna tena, machozi yakamtoka. Halafu akatimua mbio vichakani akicheka kile kicheko cha mtu aliyeumbuka anayetaka kuonekana anafurahi. Hajakimaliza hadi leo.

Pango likabaki bila mlinzi. Wanyama wakavuta pumzi ili waanze tena kutoa maoni, lakini Bi Chiku akawawahi.

"Tugawane zamu," akasema. "Nusu yetu twende leo, nusu tubaki na watoto. Kesho tubadilishane."

Jambo jepesi kiasi hicho halikuwa limemjia yeyote mkutanoni. Wote walikuwa na shughuli ya kuwa na maoni. Bi Chiku akamlaza Kidoti ubavuni mwa mama pundamilia, akaenda, akanywa, akarudi akiwa na maziwa.

Na nyinyi wasomaji wangu wadogo, mkikutana na mtu aliyeacha nyama kwa sababu ya historia, vitabu na mazingira, msimdharau. Mpeni mkono, mpeni hata kiti cha mbele. Ila mtoto, mbebeni wenyewe.