Chupa Kumi na Mbili za Mafuta ya Nazi

Ndugu zangu, leo nawaletea habari ya mkwe mmoja. Kulikuwa na mzee mwenye duka kubwa, na mke wa mwanawe alikuwa amesomea kompyuta. Siku alipoolewa, mzee alimpokea kwa furaha, akamwonyesha jiko, na tangu hapo mkwe akawa mtu wa jikoni. Miaka mitatu! Mnacheka? Wengine wenu nawafahamu.

Basi duka likapanuka, bidhaa zikawa mamia, wauzaji wakawa hawajui kilichopo na kisichopo. Mkwe akajipa moyo, akasema, "Baba, niruhusu nikupangie bidhaa zako kwenye kompyuta."

"Haya, mama," mzee akajibu. "Ila kila kitu kikae kwenye kundi moja tu. Na Jumamosi mteja hata mmoja akiondoka bila kitu ambacho tunacho, unarudi jikoni, na hatutalizungumza tena."

Akaandika. Mafuta ya nazi akayaweka kwenye vyakula, kama alivyoagizwa. Alhamisi akaja msusi kuulizia mafuta ya nazi ya nywele. Muuzaji akatazama kundi la nywele: hakuna. Msusi akaondoka zake, na chupa kumi na mbili zimepangwa nyuma ya mgongo wa muuzaji!

Mkwe akaona dawa ni kuyaandika mara tatu: kwenye vyakula, kwenye nywele, na kwenye watoto wachanga. Ijumaa kompyuta ikasema zipo chupa thelathini na sita. Mpishi wa harusi akaahidiwa thelathini. Mzee alipokwenda kuzitoa, akazikuta kumi na mbili zilezile. Mnaijua aibu ya kumpigia simu mwenye harusi? Mzee hakufoka. Alisema tu, "Mama, jiko linakusubiri."

Jioni mwanamke akaenda mazoezi ya kwaya, moyo unamwuma. Mwalimu wa kwaya akaita majina, la kwake likaitwa. Mara akaingia kiongozi wa akina mama na orodha yake, la kwake likaitwa tena. Akaja wa walimu wa watoto, likaitwa mara ya tatu. Nusura apige kelele! Orodha tatu, na aliyesimama pale ni mtu mmoja. Nani aliwahi kumhesabu watatu?

Jumamosi aliwahi dukani kabla ya wote. Akaandika orodha ya bidhaa, kila kitu mara moja. Akaandika orodha ya makundi. Kisha akaandika ya tatu, ambayo kazi yake ni kuunganisha tu: mafuta haya ni chakula, mafuta hayahaya ni ya nywele, hayahaya ni ya watoto.

Msusi akarudi, akapata chupa mbili. Mama mwenye kichanga akapata moja. Mpishi wa harusi akapiga simu, akaambiwa zimebaki tisa. Akaja, akazikuta tisa. Hadi duka linafungwa, hakuna aliyeondoka bila kitu kilichokuwemo. Wauzaji wakapiga vigelegele, na mkwe akashangilia pamoja nao, wala hakuona haya.

"Haya umejifunza chuoni?" mzee akauliza.

"Hapana, Baba, kanisani. Kule naimba, nimo kwenye kikundi cha akina mama, nafundisha watoto, na bado ni mimi mmoja."

Mzee akauliza tena, "Na mimi nimekuandika wapi?"

"Jikoni, Baba. Jikoni tu."

Mzee akatoa funguo za duka mfukoni, akamkabidhi mbele ya watu wote.

Sasa sisi. Yule tunayemwita mlevi, si ndiye fundi aliyepaua kanisa hili? Yule mjane tunayemkumbuka siku ya kugawa unga, ni lini tulimwomba ushauri? Mungu hakumwumba mtu wa kundi moja. Leo ukifika nyumbani, mtazame yule uliyemwandika mara moja ukafunga kitabu. Mwongezee mstari. Semeni amina, na iwe kubwa kama vigelegele vya wale wauzaji!