Mtazama Tangi la Mwenzake

"Mtazama tangi la mwenzake, lake hufurika." Mnacheka nini? Nimemwambia Sijali hivyo kwa sababu tangu asubuhi ananunia pikipiki mpya ya jirani, kana kwamba amenyang'anywa yeye. Mnataka kujua methali hiyo imetoka wapi? Basi kaeni, na simu ziwekeni chini. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwepo.

Tulikuwa tunampeleka kanisani Eliwaza, binti wa kaka yangu, siku ya harusi yake. Wenye teksi walikuwa wawili, Kitundu na Msengi, marafiki wa kijiwe kimoja pale Singida, waliozoea kula sahani moja. Kisha Kitundu akapata gari jipya, jeupe. Bibi harusi akapanda la Kitundu, nami shangazi mtu nikakaa kando yake. Msengi akapewa kubeba watoto wasimamizi, na wa kwanza kupanda alikuwa bintiye mwenyewe, Debora, mtoto mdogo ndani ya gauni jeupe; wengine angewapitia mbele.

Loo, kijicho kile! Kitundu alimpa mkono, Msengi akajifanya anafuta kioo. Watu wakilisifu gari jeupe, yeye anatema mate chini.

Njiani tukaingia sheli, magari yote mawili. Kitundu akazima, akatushusha wote, bibi harusi na shela lake, tukasimama pembeni. Ndiyo desturi ya pale. Sasa gari la Msengi lilikuwa na ugonjwa wake: stata imekufa. Ukilizima, haliwaki mpaka lisukumwe.

Tausi, dada wa pampu, akamwambia, "Kaka, zima gari. Na mtoto ashuke."

"Jaza tu."

"Sijazi gari linalonguruma, kaka. Zima, tutakusukuma."

"Nisukumwe? Mbele ya Kitundu? Yeye atoke na bibi harusi, mimi nitoke nasukumwa kama mkokoteni?"

"Kwani Kitundu amekukosea nini?"

Tausi alipogeuka kumwita msimamizi wake, Msengi akauchukua mpira wa pampu akaanza kujijazia. Pampu zenyewe zilikuwa za zamani, hazijikati tangi likijaa. Na macho yake, wanangu, hayakuwa kwenye tangi. Wapiga picha wa harusi walikuwa wanamweka Kitundu kando ya gari lake, mkono juu ya boneti, na Msengi anatazama tu, midomo ameibana.

Petroli ikafurika. Ikamchuruzika viatuni, ikaingia chini ya gari, kwenye bomba la moshi lenye moto. Tausi akapiga kelele, "Mafuta! Mafuta!" Hata hakumaliza, moto ukalipuka chini ya gari.

Msengi akautupa mpira, akarukia mlango wa nyuma. Kitasa kikagoma. Ndani Debora anapiga kioo, anaita baba, baba! Tausi akakimbilia kukata umeme wa pampu, wengine wakashika ndoo za mchanga. Kitundu alikuwa ameshafika upande wa pili. Akavunja kioo kwa kiwiko, akamvuta mtoto nje, akakimbia naye huku shati linafuka moshi.

Mchanga uliuzima moto, lakini gari lilibaki chuma tupu. Debora hakuungua, ila gauni lilikuwa jeusi kwa masizi. Msengi akaja mbio, mikono mbele.

"Njoo kwa baba, mama."

Mtoto akakataa. Akamkumbatia Kitundu shingoni, akauficha uso wake.

"Debora, ni mimi."

"Sitaki! Nataka kwa huyu!"

Kitundu, damu inamtoka kiwikoni, akasema taratibu, "Mpe muda, ndugu yangu. Ameshtuka."

Ndipo Msengi akaketi chini kwenye mchanga ule, akalia mbele yetu sote. "Nilikuwa natazama tangi lako, Kitundu," akasema. "Langu limefurika, na mwanangu ndani."

Kanisani Debora aliingia akiwa amebebwa na Kitundu, na baba yake akifuata nyuma kwa miguu. Wivu ulikuwa umemwishia. Sasa alikuwa na cha kulilia kweli. Basi Sijali, pikipiki ya jirani iache ilipo. Mtazama tangi la mwenzake, lake hufurika.