Morana Aliyekwama Kinuni

"Mtaje aliye chini, ndipo utupe."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia Ndewario jana, alipokuwa ameinua ndoo ya maji aliyooshea bomba la dawa ya kahawa, tayari kuimwaga mferejini. Dada yake Haikaeli akacheka, na leo mmekuja wote wawili kuniuliza nimeitoa wapi methali hiyo, maana mwalimu wenu wa Kiswahili haijui. Hawezi kuijua. Niliiokota mbali, nchi ya Wacheki, nilikopelekwa ujanani kujifunza ufumaji wa nguo. Aliyenipa ni bibi mwenye nyumba niliyopanga, naye aliipata kwa bibi yake. Mimi nimeivika Kiswahili tu. Basi kaeni, na wewe Ndewario weka simu chini, chanzo chake nitawapa chote.

Kule kuna mto mdogo unaoitwa Vrbenka. Msifikirie mto wa kutisha. Kiangazi mtoto anauvuka bila kulowesha magoti. Unatoka kwenye vilima vya misonobari, unapita kijiji cha Horka, unashuka hadi mji mdogo wa Lipovec wenye soko na kanisa, kisha unafika kijiji cha Dolany. Ukitoka Dolany, mbele kidogo, unamezwa na mto mkubwa. Watu wa sehemu hizo tatu waliozana mabinti, waliuziana ng'ombe, na siku ya gulio walikaa meza moja wakinywa bia yao. Lakini kila mmoja aliuhesabu mto kuwa wake pale tu ulipopita mbele ya mlango wake. Ukishapita, yaliyomo ni ya wengine.

Baridi ya kule siwezi kuwaeleza mkaelewa, ingawa theluji mnaiona kileleni mwa mlima wetu kila asubuhi. Ile ya kwetu inakaa juu, ina adabu. Ya kule inashuka mpaka mlangoni, na zamani hizo ilichukua wazee na watoto wachanga kila mwaka. Ndiyo maana, Kwaresima ikielekea mwisho, watu waliifukuza. Walitengeneza sanamu ya mwanamke kwa mabua ya ngano, wakamvisha gauni kuukuu na mkufu wa maganda ya mayai, wakamwita Morana. Morana ndiye baridi, na ndiye mauti yenyewe. Wasichana walimbeba wakiimba hadi darajani, wakamtupa mtoni, kisha wakakimbia nyumbani bila kugeuka nyuma. Aliyegeuka, walisema, Morana amemwona uso.

Na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa Morana akishaingia majini. Mwenye kumgusa hafiki mavuno. Kwa hiyo akinasa kwenye ukingo wa mji, vijana walikuja na miti mirefu wakamsukuma aendelee. Horka walimtupa wao, Lipovec wakamsukuma pamoja na wa kwao, Dolany wakawasukuma wote. Mpaka hapo hakuna ubaya unaoonekana, sivyo? Hata mimi niliposimuliwa nilisema ni mchezo mzuri. Bibi wa watu akaniambia, "Ngoja."

Sasa, Horka alikuwepo mwanamke mmoja aliyeitwa Ludmila. Alikuwa mshonaji, na kila mwaka yeye ndiye aliyemshona Morana wa kijiji. Binti yake wa pekee, Barbora, alikuwa ameolewa Dolany na Vojta, mwenye kinu cha kusaga ngano. Kinu chenyewe kilizungushwa na maji ya mto, na mbele ya gurudumu lake palisimikwa fito za kuzuia magogo yasilivunje.

Mwaka ninaousema, baridi ilikuwa kali kuliko walivyozoea. Ilimchukua mume wa Ludmila, na ardhi ilikuwa imeganda hata wachimba kaburi wakalazimika kuwasha moto juu yake kwanza, ilainike. Ludmila alisimama pale akiuangalia moto ule, na chuki iliyomwingia haikuwa ya kawaida. Ilipofika zamu ya kumshona Morana, alisema huyu wa safari hii ataondoka kabisa.

Kwa kawaida Morana alifungwa ovyo ovyo, kamba hapa, fundo pale, na akifika Lipovec ameshaanza kusambaratika. Ludmila hakutaka hivyo. Alimpa mifupa ya fito za miti ya mtoni, akamkaza kwa waya, akamvisha magunia mawili moja juu ya jingine, akayashona kwa uzi wa kushonea viatu. Wasichana walipomwinua walilalamika kwamba ni mzito. "Mwacheni awe mzito," akasema. "Huyu atafika baharini." Wakamtupa darajani, wakakimbia, na Ludmila akakimbia nao, mtu mzima yule, bila kugeuka nyuma.

Ludmila alijua fika kwamba binti yake anaishi kinuni. Alijua pia kwamba mto unapita hapo. Ila mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwake. Msimcheke, wajukuu zangu, hata sisi tuna mengi ya namna hiyo.

Siku chache baadaye alikuja mchuuzi wa chumvi na mkokoteni wake. Wanawake walikuwa wamekusanyika kwa Ludmila wakishona, naye akasimama mlangoni akiwa na umbea wake tayari.

"Jamani, Morana wenu wa mwaka huu ni kiboko! Amefika Dolany mzima kama alivyotoka. Amejikita kwenye fito za kinu, hatoki. Barafu na matawi vimejaa nyuma yake, mto umefura, maji yanaingia mpaka ndani kwa mwenye kinu."

Wanawake walicheka. Ludmila naye alicheka, na moyoni aliona fahari kidogo.

"Na watu wa Dolany wanafanya nini?" akauliza.

"Wafanye nini? Nani amguse? Wamejaribu kumsukuma kwa miti, wapi! Mwenye kinu mwenyewe ndiye aliyejitosa. Ametolewa hoi, sasa yuko kitandani na homa, hajitambui. Na mkewe anasemekana ameshikwa na uchungu. Mkunga amekataa kuingia. Anasema nyumba yenye mauti mlangoni haendi kupokea mtoto."

Kicheko kikakatika. Ludmila akauliza swali ambalo jibu lake alilijua. "Kinu kipi?"

"Kwani Dolany kuna vingapi, mama?"

Hakungoja apewe lifti ya mkokoteni. Alichukua kisu chake cha kukatia nguo akashuka na njia ya mto, ambako tope la theluji iliyoyeyuka lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Alipopita Lipovec, mwashi mmoja aliyemfahamu alimwita kutoka ng'ambo, akamwambia kwa furaha jinsi walivyohangaika na Morana wa Horka, jinsi alivyotaka kunasa chini ya daraja lao nao wakamsukuma kwa nguvu zote mpaka akaenda. "Mlituletea mzigo mwaka huu!" alisema. "Lakini tumewashinda." Ludmila alimtazama, akaendelea na safari. Mwashi alikuwa amefanya kazi nzuri, na yeye alikuwa amefanya kazi nzuri zaidi.

Dolany aliwakuta watu wamesimama juu ya ukingo, mbali na maji, kofia mkononi. Chini yao kinu kilikuwa kimezingirwa. Maji yalikuwa yamepita kizingiti cha mlango, na vipande vya barafu vilikuwa vikigonga ukuta. Mzee wa kijiji akamzuia kwa mkono.

"Usishuke, mama. Mauti iko pale."

"Ndani yuko nani?"

"Wenye kinu."

"Sikuuliza wanamiliki nini. Nimeuliza ni nani."

Mzee akatazama chini. Wengine nao wakatazama kofia zao. Walikuwa wamekwisha kuacha kulitaja jina, kama watu wafanyavyo wanapokuwa wameshakata tamaa juu ya mtu na hawataki kusikia uchungu wake.

"Basi nitawaambia mimi," akasema Ludmila. "Ni Barbora. Ndiye anayewasagia unga, na watoto wenu anawapa mkate kila wakija na gunia. Mumewe anaitwa Vojta. Na tumboni mwa Barbora yumo mtu ambaye bado hana jina, nanyi mmesimama hapa mmemkalia matanga kabla hajazaliwa."

Akashuka. Maji yalimfika kiunoni, na baridi yake ilimkata pumzi. Morana alikuwa amelala kifudifudi kwenye fito, matawi yamemkandamiza mgongoni. Ludmila akamshika. Alimshika kwa mikono miwili, mbele ya kijiji kizima. Wanawake juu ukingoni wakapiga ishara ya msalaba. Alipapasa mshono wa kwapani, mshono wa shingoni, akajua pa kukata kwa sababu alijua pa kushonea. Akakata uzi, akafungua waya, akachomoa fito moja moja, mpaka yule mwanamke wa mabua akawa vipande mikononi mwake. Barafu ikapasuka, matawi yakateleza, na maji yakaondoka kwa ngurumo, yakishuka taratibu kutoka kizingitini.

Ndani alimkuta Barbora darini, juu ya magunia ya ngano, nguo zimemganda mwilini. Vojta alikuwa pembeni yake, midomo inamtetemeka, vidole vimefungwa matambara. Ludmila hakuwa mkunga, lakini aliwahi kuzaa, na siku hiyo hilo lilitosha. Kabla jua halijazama, mtoto wa kike alilia katika nyumba ile yenye harufu ya tope.

Barbora alipopata nguvu ya kusema, aliuliza, "Mama, alikuwa wa wapi? Wa Lipovec?"

Ludmila alikuwa akiwasha moto, mgongo amempa. Angeweza kusema ndiyo. Nani angemuumbua?

"Wa Horka," akasema.

"Nani alimshona?"

"Mimi."

Barbora akamvuta mtoto kifuani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira hata chembe, "Ulimshona vizuri, mama. Vojta alivuta mpaka kucha zikamtoka, hakuchanika."

Wajukuu zangu, mama anaweza kutukanwa na mwanawe akasahau kesho yake. Kusifiwa namna hiyo hakusahauliki. Vojta alipona, lakini kikohozi cha siku ile hakikumwacha, alikaa nacho uzee wake wote. Na Ludmila kila alipokwenda Dolany na kukisikia kikohozi hicho nyuma ya ukuta, alikuwa akiacha alichokuwa akikifanya mpaka kiishe.

Mwaka uliofuata Kwaresima ikafika tena. Wasichana wa Horka walijishonea Morana wao wenyewe, maana Ludmila alikataa kushika sindano. Lakini walipofika darajani wakiimba, walimkuta amesimama katikati, hapishi.

"Siwazuii," aliwaambia. "Tupeni. Ila kila aliyemshika kwanza amtaje kwa jina mtu mmoja aliye chini. Mtaje aliye chini, ndipo utupe."

Waliona mzaha. Wa kwanza akasema haraka, "Barbora," apate kupita. Wa pili akasema, "Shangazi yangu Anezka, wa Lipovec." Wa tatu alikuwa na mchumba Dolany. Alilitamka jina lake, na mkono wake ukalegea kwenye mabua. Wakabaki wamemshika Morana juu ya maji, wimbo umekwisha, wanatazamana. Kuutupia mto ni rahisi. Kumtupia shangazi Anezka ni kazi nyingine.

Mzee mmoja akafoka kutoka nyuma, "Sasa mkiacha kumtupa, Mauti itakwenda wapi?"

"Haitakwenda popote," akajibu Ludmila. "Ni ya kwetu. Tutaiteketeza hapa hapa, na majivu tutayatia kwenye mashamba yetu."

Ndivyo walivyofanya, na kwa mujibu wa bibi mwenye nyumba wangu, Horka hawakutupa tena. Lipovec walichelewa zaidi, kwa sababu watu wa mjini ni wabishi, lakini nao wakaacha. Kauli ya Ludmila ikabaki midomoni mwa watu. Mtu akitaka kutoa maji machafu ya kiwanda cha ngozi, anaambiwa. Mtu akitaka kumzushia mwenzake maneno sokoni, maneno ambayo yatashuka kijiji hadi kijiji, anaambiwa vilevile.

Mimi niliambiwa miezi yangu ya kwanza pale. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba na beseni la maji ya rangi niliyotilia nyuzi, nataka kuyamwaga mtoni, Vrbenka ile ile. Yule bibi akafungua dirisha akanitamkia maneno hayo, akanieleza kisa chote akiwa amejiegemeza pale pale dirishani. Nikaona nimepata upenyo wa kuponyoka. Nikamwambia, "Lakini bibi, mimi ni mgeni hapa. Simjui mtu yeyote wa huko chini."

Akanitazama, akasema, "Basi usitupe mpaka umjue."

Nikarudi ndani na beseni langu. Tangu hapo, kila ninapotaka kuachia kitu kishuke kiende zake, namtafuta kwanza mtu na jina lake. Nikimpata, mkono hurudi wenyewe. Mtaje aliye chini, ndipo utupe.