Paka wa Bwana Kifaru na Dawa Yenye Masharti

Kaeni vizuri, wanangu, na wewe unayemfinya mwenzio mwache. Hapo zamani, zamani ile wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakilima, wakioana na kugombana na majirani kama sisi tu, palikuwa na kijiji kikiitwa Vilimani.

Kijijini hapo aliishi Bwana Kifaru. Mwili wake ulikuwa kama ghala na sauti yake kama ngoma ya harusi. Macho yake, Mungu amsaidie, hayakuona vizuri kupita ncha ya pembe yake mwenyewe. Akipotea njia hakurudi nyuma. Alipita tu, na kama mbele palikuwa na ukuta, basi ukuta ndio uliohama.

Nyumbani kwake alikuwepo paka wa rangi ya majivu, jina lake Sikitu. Kazi yake ilikuwa kulinda ghala la mahindi. Sasa, Bwana Kifaru alikuwa na elimu moja aliyoachiwa na baba yake, nayo ni kwamba paka hapewi chakula. Ukimpa atashiba, akishiba atalala, akilala panya watamaliza mahindi. Kwa hiyo Sikitu hakupewa kitu. Maji alikunywa kwenye dimbwi walikooshea masufuria. Alilala jivuni. Na kila aliyempita, kuanzia Bwana Kifaru mpaka kitinda mimba wake, alimsukuma kwa mguu. Paka alijua kusema, kama wanyama wote wa zamani zile, ila hapakuwa na aliyemuuliza kitu.

Basi Sikitu akakonda mpaka akabaki mkia na macho. Tumbo peke yake ndilo lilikuwa kubwa, wala halikuwa la shibe. Panya wakamzoea. Wakawa wanacheza ngoma juu ya magunia, chaka chaka chaka, na panya mmoja mnene akawa anampitia Sikitu kila asubuhi kumuuliza ameamkaje.

Bwana Kifaru akaisikia ngoma ile. Akaapa kwamba paka asipokamata panya kabla ya siku ya gulio, soko kubwa la kijiji, atatiwa guniani na kutupwa ng'ambo ya mto. Na ng'ambo ya mto, wanangu, hapakuwa na nyumba hata moja. Lilikuwa pori tupu, na paka mgonjwa akitupwa kule harudi.

Mkewe akamwambia angoje kidogo. Kabla ya kumtupa, si afadhali aende naye kwa daktari wa wanyama akaombe dawa? Bwana Kifaru akamtia paka guniani, akalibeba begani, akaenda. Alilibeba gunia hilo ili, daktari akishindwa, apitilize mtoni moja kwa moja.

Daktari mwenyewe alikuwa Bi. Pimbi, aliyekaa kule kwenye majabali. Alikuwa mdogo jamani, ungemweka ndani ya kapu la mayai angepata nafasi ya kujinyoosha. Ili afikie meza yake ya kazi ilibidi apande kigoda. Waliosoma wanasema Pimbi na Tembo ni ndugu wa damu, lakini Tembo hapendi habari hiyo itajwe mbele ya wageni. Bi. Pimbi alikuwa mcha Mungu, na hakumgusa mgonjwa kabla ya kulitaja jina la Muumba wake.

Akamtoa Sikitu guniani taratibu. Akamfunua mdomo, akaona ufizi mweupe kama unga. Akachungulia masikio, yamejaa utitiri. Akapuliza manyoya, viroboto wakaruka huku na huku, pwi, pwi, pwi. Akabonyeza tumbo, akatikisa kichwa, maana lilikuwa limejaa minyoo.

"Binti yangu," akamuuliza, "mara ya mwisho umekula nini?"

"Panzi," akasema Sikitu.

"Lini?"

Sikitu akafikiri sana. "Masika."

Bi. Pimbi akamgeukia Bwana Kifaru, akamweleza kwa upole. Kuwinda kumo ndani ya damu ya paka, shibe haiwezi kumwondolea. Njaa ndiyo inayomwibia paka miguu, akamwona panya asiweze kumrukia. Huyu anahitaji dawa ya minyoo, chakula asubuhi na jioni, maji safi na mahali pakavu pa kulala. Anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa usalama wake na wa watoto wa nyumba nzima. Na akipata nguvu afanyiwe upasuaji mdogo wa kufunga kizazi, kwa sababu uzazi wa mfululizo umemmaliza, na watoto aliowazaa wote wameishia jalalani.

Bwana Kifaru alisikiliza huku pua inafuka.

"Bi. Pimbi," akasema, "mimi nimekuja kutafuta dawa, wewe unanitajia vyakula kama vile nina harusi. Fisi pale sokoni akitoa dawa anatoa na masharti. Wewe hata sharti moja huna. Daktari gani hana masharti?"

Akalinyoosha gunia lake.

Hapo Bi. Pimbi akalitazama gunia, akamtazama Sikitu. Akajua kwamba akiisema kweli mara ya pili, paka yumo ndani na safari ni ya mtoni. Akashuka kwenye kigoda, akaangalia mlangoni kama anayeogopa kusikiwa, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nakupima tu, bwana. Dawa ipo. Ila ina masharti mazito, na nyumba nyingi zimeshindwa."

"Nyumba yangu haishindwi," akasema Bwana Kifaru.

"Sijui. Ni mazito."

"Nimesema haishindwi. Lete."

Bi. Pimbi akamfunga Sikitu kwenye kanga, akamnywesha dawa ya minyoo, ya kweli hiyo, akamsafisha masikio na kumpaka dawa ya viroboto. Kisha akaingia nyuma ya pazia. Huko alikuwa na birika la maji yaliyochemshwa na kupoa. Akajaza chupa ndogo, akaifunga kwa uzi mwekundu. Hakuwa amezoea kudanganya. Akainamisha kichwa, akasema, "Ee Mola, maji ni yako, na dagaa ni wako. Uongo tu ndio wangu, unisamehe."

Akatoka na chupa ameishika kwa mikono miwili kama yai.

"Hii ni Dawa ya Makali," akasema. "Tone moja asubuhi, tone moja jioni. Lakini isikute tumbo tupu. Ikikuta tumbo tupu inatoka kwa paka inakwenda kwa mwenye paka."

"Inafanya nini kwa mwenye paka?" Bwana Kifaru akauliza, na sauti imepungua kidogo.

"Sitaki hata kusema. Basi itiwe kwenye bakuli la dagaa waliochemshwa bila chumvi. Maji yake yabadilishwe kila siku, maana dawa hii inachukia maji machafu. Alale juu ya nguo kavu, dawa isipigwe na baridi. Na sharti kubwa kuliko yote, asipigwe teke. Akipigwa teke, makali yote yanahamia kwenye mguu uliompiga."

Bwana Kifaru akautazama mguu wake wa kulia, kisha wa kushoto. Akarudi nyumbani paka amempakata mikononi, gunia amelisahau kule kule majabalini.

Wanangu, nyumba ile ikageuka. Yule aliyekuwa akipita ukuta ukahama, sasa alitembea kwa ncha za vidole, nyata, nyata, nyata, jasho linamtoka. Na kwa kuwa macho hayaoni, ilibidi watoto wamwelekeze. Mmoja anasema paka yuko kushoto, mwingine anasema amehama, yuko chini ya kiti. Siku moja Sikitu alikaa katikati ya mlango akaanza kujiramba. Bwana Kifaru alikuwa ameshanyanyua mguu mmoja. Akaogopa kuushusha. Akasimama hivyo asubuhi nzima, mguu juu, anayumba kama mnazi, mpaka paka alipomaliza mkia.

"Samahani, bibi," akasema, "umeshamaliza?"

"Bado sikio," akajibu Sikitu.

Akangoja na sikio.

Dagaa akaenda kuwanunua mwenyewe. Jirani yake Nyumbu alipomwona akamuuliza tangu lini mla majani anakula samaki, na Bwana Kifaru akamjibu kwamba kuna mambo ya wakubwa. Bi. Kifaru akatoa kanga yake ya zamani ikawa kitanda. Bakuli la maji likasuguliwa kila kukicha mpaka likang'aa. Na tone la dawa likahesabiwa kwa hofu, moja, si zaidi, familia nzima imeshika pumzi.

Sikitu akala. Minyoo ilikwisha kutoka, viroboto wamekwenda, chakula sasa kikawa chake peke yake. Manyoya yakalala vizuri, macho yakawaka. Akaanza kukimbiza vivuli vya majani, kisha mjusi, kisha mkia wake mwenyewe.

Asubuhi moja yule panya mnene akaja kama kawaida yake.

"Umeamkaje, shoga?"

"Salama," akasema Sikitu. "Tena nimeshiba."

Panya akacheka, akasogea karibu ili wapige soga. Aliyeshiba ana kazi gani na mtu? Nyaku! Soga likaishia hapo. Na ngoma ya ghalani, chaka chaka ile, haikusikika tena.

Siku ya gulio ikafika. Bwana Kifaru akaenda sokoni na Sikitu mabegani, akawaonyesha watu. Akajisifu mpaka mate yakamkauka. Akainua chupa yake yenye uzi mwekundu, akasema hii ndiyo dawa, na si kila nyumba inayoiweza. Majirani wakamzunguka. Nyumbu alikuwa na paka amekonda, Nyati ana paka anakohoa, Ngiri ana paka anayezaa kila mwezi hajui awapeleke wapi. Wote wakaitaka ile chupa. Kwenye meza ya Fisi, penye mizizi yake na hirizi zake, hapakubaki mteja.

Fisi roho ikamuuma. Akapenya katikati ya watu, akamnyang'anya Bwana Kifaru chupa, akaung'oa uzi, akainywa yote, gubi, gubi, gubi. Watu wakarudi nyuma wakitegemea apasuke.

Fisi akajifuta mdomo. "Maji," akasema. "Maji matupu. Kifaru mzima amefugwa na paka kwa sababu ya maji."

Kicheko kikaanza kwa Ngiri, kikaenda kwa Nyati, kikazunguka soko zima. Bwana Kifaru akavimba. Akaapa kwamba paka anakwenda ng'ambo ya mto leo hii, na yule daktari anamfuata. Bi. Pimbi alikuwepo sokoni na mkoba wake wa kazi. Akasikia nchi inatetemeka, du, du, du, akaruka juu ya pipa, na Kifaru akasimama mbele yake, pembe imekaribia kumgusa pua.

Bi. Pimbi angeweza kukimbia. Hakukimbia, kwa sababu Sikitu alikuwa bado yuko mabegani kwa yule bwana, amekaza kucha na macho yamemtoka.

"Ni maji," akasema, mbele ya watu wote. "Nimekudanganya, bwana wangu. Mungu nimeshamwomba msamaha, na wewe nakuomba sasa. Lakini niambieni, jamani. Mimi nilitoa maji tu. Dagaa alichemsha nani? Bakuli alisugua nani? Na nani alisimama mguu juu asubuhi nzima ili mgonjwa amalize kujiramba?"

Watu wote wakamtazama Bwana Kifaru.

Bwana Kifaru akafikiri. Alipofikiri ungeweza kusikia, kama mawe yanavyosagana. Akikasirika, basi yeye ni yule aliyedanganywa kwa maji. Asipokasirika, basi yeye ni nani?

"Mimi," akasema mwisho. Akakohoa, akainua kidevu. "Ni mimi. Na kwamba ni maji nilijua tangu mwanzo. Nilitaka kuona kama nyinyi mtagundua."

Bi. Pimbi hakuacha nafasi hata ya mtu kupumua.

"Mmemsikia," akasema. "Katika Vilimani nzima hakuna ajuaye kutunza paka kama Bwana Kifaru. Na leo amekuja kuwaonyesha mfano. Paka wake ndiye wa kwanza kuchanjwa kichaa, hapa hapa, na wiki ijayo ndiye wa kwanza kufungwa kizazi. Si ndivyo, bwana?"

Bwana Kifaru akafungua mdomo. Akaona macho yote yako kwake, na safari hii ni macho ya heshima. Akaufunga.

"Ndivyo," akasema. "Pangeni foleni nyuma yangu. Na mje na paka wenu wamekula."

Majirani wakakimbilia majumbani kuchukua paka wao. Fisi akabaki na mizizi yake.

Bwana Kifaru akamshika Sikitu kwa mikono miwili, imara, kama alivyoelekezwa. Bi. Pimbi akalitaja jina la Mungu, akatoa sindano mkobani, akaigonga kwa kidole, ti, ti. Sikitu akapiga mwayo. Sindano ikaingia, ikatoka, paka hata hakugeuka.

Ila kitu kilikuwa kimebadilika kule juu. Uso wa Bwana Kifaru ulikuwa umepauka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameona kitu vizuri kabisa, nacho kilikuwa ile sindano.

Akamweka paka chini kwa adabu. Akayumba kushoto. Akayumba kulia. Kisha, puuu! Akaanguka chali juu ya meza ya Fisi, mizizi ikaruka, hirizi zikatawanyika, na vumbi likatanda soko zima.

Vumbi lilipotulia, wakamkuta Bwana Kifaru amezimia anatabasamu, na Sikitu amepanda juu ya tumbo lake, amejikunja, anakoroma, krrr, krrr. Nyumbu akataka kumwondoa. Bi. Pimbi akamwashiria amwache, akamwita anayefuata.

Basi shikeni hili, wanangu: mnyama uliyemwingiza nyumbani kwako ni amana ya Mungu, na amana hulishwa, hutibiwa, wala haitupwi.