Khanga za Mama Zilizouzwa Mjini

Kulikuwa na mama mmoja aliyeshuka stendi ya mabasi mjini akiwa amebeba kiroba. Ndani hamkuwa na nguo zake. Mlikuwa na khanga na vitenge vya marehemu mama yake, vimefifia rangi, vingine vimetoboka kwenye pindo.

Nguo hizo zilikuwa na kisa. Mama yao alipofariki na matanga kuanuliwa, ukoo ulikaa kugawana nguo za marehemu kama ilivyo desturi. Huyu mwenye kiroba, kwa kuwa ndiye mkubwa, alizikusanya zote akafunga fundo. Mdogo wake aliomba khanga moja tu ya kujifunikia. Akamnyima, akamwambia mbele ya watu kwamba mama alipokuwa anaugua yeye hakuonekana. Tangu siku ile hawakusemezana.

Sasa alikuwa ameletewa habari kwamba mdogo wake amelazwa mjini, hali yake si nzuri, na anamuulizia yeye na nguo za mama. Ndipo akazitoa sandukuni. Akasema moyoni, nitampelekea zote, kisha nimwombe anisamehe.

Katika safari hii, ndugu zangu, mpaka hapo amekosea wapi? Hajakosea. Alikuwa kwenye njia iliyonyooka kabisa.

Lakini kadiri alivyokaribia hospitali, ndivyo miguu ilivyokuwa mizito. Angeanza na neno gani? Akaona bora aingie gesti kwanza, aoge, atoe vumbi la safari.

Dada wa mapokezi alikuwa mwema, tena alikuwa na maneno. Alimwambia avae ndala, maana sakafu ya bafu inateleza na hajui nani ametangulia. Maji ya kwanza ya shawa ayaache yamwagike, yana kutu. Swichi ya hita asiiguse akiwa amelowa, itamrusha. Na akitaka maji ya moto awe na subira, kwa sababu wa chumba cha pili akifungua, kwake yanakatika. Basi yule mama akasubiri maji. Akaoga, akasugua visigino, yakakatika, akasubiri tena na povu mwilini. Alipotoka, muda wa mchana wa kuona wagonjwa ulikuwa umepita. Na ndani kabisa ya moyo wake, mahali ambapo hakuna aliyemwona, alishusha pumzi.

Kwenye korido, kiroba kikiwa mkononi, alikutana na mpangaji wa chumba jirani, mwanamke anayefanya biashara ya mitumba. Yule alipokiona kiroba akakifungua bila hata kuuliza.

"Hizi unauza, shoga?"

"Hapana. Nampelekea mdogo wangu, yuko wodini."

Mfanyabiashara akacheka. "Mgonjwa umpelekee matambara? Watadhani umekuja kudeki. Hapa mjini mtu haendi kuona mgonjwa namna hiyo. Ziuze, umnunulie kitu cha maana."

Dada wa mapokezi akadakia kwamba ni kweli, shangazi yake alipolazwa walimpelekea shuka jipya na wodi nzima ikageuka kutazama. Hapo ushauri ukamiminika. Asiuze kiroba kizima kwa mtu mmoja, atapunjwa. Zile nzima azikunje maua yaonekane, akae upande wa kivuli, jua linaonyesha kila doa. Zilizotoboka asizitupe, gereji wananunua za kufutia oili.

Yote hayo yalikuwa kweli. Nani hapa anaweza kusema walimdanganya? Yule mama akaenda sokoni, akafanya kama alivyoelekezwa. Za maua zikanunuliwa. Zilizotoboka zikachukuliwa na vijana wa gereji, wakazichana palepale vipande vipande, yeye akitazama. Kisha akanunua shuka jipya, taulo na boksi la juisi.

Jioni akaingia wodini, msafi, ananukia sabuni. Mdogo wake alikuwa amepungua mpaka kitanda kilionekana kikubwa. Akamtandazia lile shuka miguuni, bado lina mikunjo ya dukani.

Mgonjwa akalipapasa. "Ahsante, dada. Zuri. Na khanga za mama?"

"Zilikuwa zimechakaa sana, mdogo wangu. Nimeziuza, ndiyo nikakununulia hili."

Mgonjwa hakulia wala hakumkaripia. Alimwita nesi, akamwomba amwondolee lile shuka.

"Mpe bibi wa kitanda kile," akasema. "Yeye hana."

Halafu akageukia ukutani. Yule mama alisimama pale na boksi lake la juisi, na lile neno la kuomba msamaha alilotoka nalo kijijini likamkaukia mdomoni. Hakulisema siku ile. Na siku nyingine hakupewa, maana kabla hajarudi wodini asubuhi, mdogo wake alikuwa amekwisha kufa.

Sasa najua mnamlaumu nani. Mnamlaumu mwanamke wa mitumba na yule dada wa mapokezi. Waacheni. Wao walimfundisha kuoga na kuuza, na vyote viwili alivifanya vizuri. Tatizo ni kwamba yule mama aliufurahia ushauri wao. Kila walichomwambia kilimpa mahali pengine pa kujificha kabla ya kusema nisamehe.

Na sisi je? Tumeitwa na mtu tuliyemuumiza, tena tunajua anachokitaka, ametamka kwa kinywa chake. Mbona tunazunguka kuuliza watu wengine twende vipi? Tunajisafisha, tunanunua zawadi inayong'aa, tunakuja hapa na sadaka mpya mkononi, na kile tulichomnyima mwenzetu tumekibadilisha njiani ili tusione haya. Halafu tunashangaa akigeukia ukutani.

Ndugu yangu uliyekaa hapa, wewe unajua ni kitu gani cha mtu kilichomo ndani ya kiroba chako. Kimechakaa, kimetoboka, kinakuaibisha. Usitafute cha kukibadilisha. Ibada ikiisha usipite nyumbani kwanza. Nenda nacho hivyo hivyo, na vumbi lako la safari, ukamkabidhi akiwa bado anaweza kukipokea.