Ngata Mezani pa Nishani

"Na huyo aliyembeba, aliitwa nani?"

Wapendwa, swali hilo liliulizwa na bibi mmoja mbele ya watu mia, na hakuna aliyejibu. Mmoja alikohoa. Mwingine akakumbuka simu yake. Ngojeni niwasimulie, halafu mniambie kama ninyi mngejibu.

Palikuwa na mji mdogo huko kusini, uliotaka kuchonga jiwe la kumbukumbu la watu wake waliofuatana na jeshi la Mjerumani katika vita vya kwanza vya dunia. Kamati ikaweka sharti, ikaliandika kwenye ubao wa majina: jina halichongwi bila nishani. Na kwa kuwa nishani bandia zimejaa, wakamwita mtaalamu anayezipima kwa ajili ya wakusanyaji wa vitu vya kale. Akaja na sumaku na lenzi.

Wa kwanza mezani alikuwa mwenyekiti wa kamati mwenyewe, na nishani ya babu yake, msalaba wa Kijerumani. Mtaalamu akausogezea sumaku, ikanasa. "Ndani chuma, ukingoni fedha. Huu ni wa kweli." Makofi! Kisha akauinamia kwa lenzi, akaguna.

"Mzee, umeusugua?"

"Majivu na ndimu, jana kutwa nzima! Si unaona unavyong'aa?"

"Naona. Mkusanyaji hanunui mng'aro, mzee wangu. Anatafuta ule weusi wa miaka, jasho la aliyeuvaa. Umefuta nusu ya thamani kwa mikono yako."

Watu wakacheka. Mwenyekiti, ili kuokoa heshima, akaanza kisa anachokisimulia kila mwaka: babu yake alipigwa risasi ya paja, mpagazi mmoja akamtupa begani, siku mbili porini, damu ikichuruzika, mpaka kambini.

Hapo ndipo bibi alipouliza.

Wapagazi! Walibeba risasi, wakabeba mahindi, wakabeba vitanda vya maofisa. Walikufa kwa maelfu. Nani aliwavika nishani? Na lile sharti la kamati, lilitungwa na nani kama si wajukuu wa waliovikwa?

Bibi hakukaa. Alikwenda mezani, akafungua kopo la majani ya chai, akatoa ngata kuukuu ya kitambaa, ile ya kuwekea mzigo.

"Jamani bibi," mwenyekiti akasema, "ngata hata jikoni kwangu zipo!"

"Zipo, mwanangu, na zimebeba maji. Hii ni ya baba yangu, Nambunga. Ilimbeba babu yako. Baba aliiweka begani ili mfupa wake usimuumize mgonjwa. Mtaalamu, lete hicho kioo chako."

Mtaalamu akainama, akakawia. Upande mmoja palikuwa na doa jeusi, kubwa kama kiganja, lililokaukia ndani ya nyuzi.

"Bibi, hukuwahi kuifua?"

"Nifue damu ya mtu, niseme nini kwa wenyewe wakija kuiulizia?"

Mtaalamu akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, kazi yangu ni kutafuta shahidi. Umesimama hapa ukasema bega, ukasema siku mbili, ukasema damu. Shahidi wa ngata hii ni wewe."

Sasa, sisi wanafunzi wa midahalo tungepata la kubisha. Tungedai vipimo. Tungeomba dakika mbili za nyongeza. Mwenyekiti hakubisha. Alikwenda ubaoni, akafuta lile sharti kwa mkono wa koti lake, na juu ya jina la babu yake akaandika: NAMBUNGA.

Vigelegele vilivyopigwa! Akina mama walimnyanyua yule bibi juu juu, na ngata yake kichwani. Na kabla jua halijazama foleni ilikuwa imefika barabarani: huyu na kibuyu cha safari, yule na kamba, yule mikono mitupu na jina tu mdomoni. Majina arobaini na mawili. Likatafutwa jiwe kubwa zaidi.

Wapendwa, leo tumekuja kushukuru kwa majoho tutakayovaa kesho. Tunasema, "Nimefaulu." Wewe peke yako? Nani alideki bweni ulimolala? Nani alikukorogea uji alfajiri ya mtihani? Sisi ndio kamati, ndugu zangu. Sisi ndio tuliobandika karatasi kwenye viti hivi: WAHITIMU TU. Na Mungu tunayemwimbia haangalii mng'aro wetu.

Akina mama wa jikoni na wa usafi wamesimama pale mlangoni tangu ibada ianze. Safu tatu za mbele, naomba msimame, muwapishe viti.