Fundi Machibya na Kasha la Chatu

Isome taratibu. Kama umewahi kumtangaza mtu vibaya, kisha ukaja kugundua umekosea, isome mara mbili, ndipo uipeleke mbele.

Katika kijiji kimoja huko Usukuma alikuwepo seremala aitwaye Machibya. Chuo cha ufundi hakukijua hata geti lake. Alijifunza kwa kubomoa makabati mabovu na kuyaunda upya. Hasira zake zilikuwa karibu, lakini kazi yake ilikuwa imenyooka: akikuambia mbao ni mninga, ni mninga, akikuambia Ijumaa, ni Ijumaa.

Siku moja akajiwa na Mzee Luhende, kiongozi wa kundi la ngoma ya nyoka. Baada ya mavuno makundi hushindana, na kundi lisilo na chatu mnene hubaki kucheza na vumbi lake. Chatu wa Luhende alikuwa jike, mrefu kuliko mlango, na kijiji kizima kilimwita Shangazi.

"Nitengenezee kasha," Luhende alisema. "Lisipitishe hata mjusi."

Machibya akalifanya kama anayejijengea nyumba. Kila kiungo alikitia gundi, kila pembe akaiziba kwa silikoni, ili mkojo wa nyoka usiozeshe mbao. Mbele akaweka kioo, juu akaacha matundu ya hewa yenye wavu. Ndani akapaka vanishi mara tatu, kisha akaliacha kasha juani wiki tatu nzima, maana harufu ya vanishi mbichi si ya kumfungia kiumbe. Kila asubuhi aliingiza kichwa humo akanusa. Koo likimkereketa, alisema, "Bado."

"Wiki tano kwa sanduku la nyoka!" Luhende alifoka siku ya kulichukua. Fundi akaanza kumweleza kasha lilivyo kwa ndani, mzee akapunga mkono. "Nimefuga nyoka kabla hujazaliwa. Utanifundisha wewe?"

Siku ya tisa tangu amtandikie Shangazi nyasi na kumfungia humo, zikiwa zimebaki siku nne ngoma ichezwe, Luhende akachungulia kiooni. Akaona nyasi tupu.

Hakufungua. Hakuuliza. Alikimbia moja kwa moja hadi mnadani, akampokonya muuza dawa ya panya kipaza sauti.

"Jamani! Shangazi katoroka! Kasha la Machibya ni bovu! Fungieni watoto ndani!"

Kijiji kikapinduka. Vichaka vikachomwa moto, vichuguu vikafukuliwa, hata kuku wakaingizwa jikoni. Kabla jua halijafika utosini, Mama Sayi, aliyekuwa ameagiza kabati la vyombo, akasimama mlangoni kwa Machibya.

"Fundi, nirudishie mbao zangu."

"Mama, limebaki milango tu."

"Chatu mzima amekushinda, mende utawaweza?" Akajitwika mbao za milango, akaondoka.

Nyuma yake wakaja wengine wawili, mmoja akirudisha kitanda, mmoja meza. Machibya akaitupa randa chini. Jina alilolijenga miaka kumi na minne lilikuwa linabomoka asubuhi moja, tena kwa mdomo wa mtu ambaye hata komeo hakuligusa! Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji bila kujifuta vumbi la mbao.

"Naomba kikao. Leo hii. Na kasha liletwe."

Vijana wanne walilibeba wakitweta.

"Litazameni!" Luhende aliwaambia watu. "Zito kama jeneza, na bado halifai." Watu wakaangua kicheko.

Machibya akamsogelea. "Mzee Luhende, shikamoo nimekupa. Heshima yako unayo. Sasa nionyeshe alipopitia."

"Nyoka hayumo. Unataka ushahidi gani tena?"

"Maji. Pasipopita tone, hapiti chatu. Nileteeni ndoo!"

Akamimina ndoo ya kwanza kupitia wavu wa juu. Watu wakainama kutazama. Chini pakavu. Ndoo ya pili. Pakavu.

Ndoo ya tatu haikuisha. Nyasi zilitikisika, na kutoka pembe ya nyuma kikachomoza kichwa kinachochuruzika maji, macho meupe kama maziwa. Shangazi! Watu wakatawanyika, mwenyekiti akajikuta juu ya meza.

Chini ya zile nyasi Machibya alikuwa ametengeneza chumba cha kujificha, kwa sababu nyoka anayekaribia kujivua gamba hutafuta giza na kutulia humo siku nyingi bila kula. Hilo ndilo alilotaka kumweleza mzee. Na macho yale meupe, hakuna mcheza nyoka asiyejua kuwa ni dalili ya kujivua. Luhende akainamisha kichwa.

Kikao kilipokwisha, mzee akamvuta fundi nyuma ya ghala.

"Mwanangu," alinong'ona, "tuyamalize. Nina beberu mnono pale. Mchukue, yaishe."

"Beberu huyo anajua kusema?"

"Mbuzi? Aseme nini?"

"Basi hanifai. Umenivua nguo mnadani, mzee, halafu unanivisha nyuma ya ghala? Nani ataniona nimevaa?"

"Sasa unataka nini?"

"Mnada ujao. Watu wale wale, kipaza sauti kile kile."

"Mtu mzima mimi, nijiaibishe?"

"Kwani mimi uliyeniaibisha nilikuwa mtoto?"



Mnada uliofuata, Luhende alisimama katikati ya watu. Akakohoa.

"Ndugu zangu," alisema, "nyoka hakutoroka. Kasha ni zima. Kilichotoroka siku ile ni akili yangu."

Machibya hakucheka wala hakupiga makofi. Aligeuka akarudi karakana haraka, maana Mama Sayi alikuwa amekwishamtangulia huko na mbao zake za milango kichwani, anagombana na mlango uliofungwa.

Funzo: Neno ulilowatangazia watu mia halifutwi kwa kumnong'oneza mmoja. Tazama kwanza ndani kwako kabla hujamnyooshea mwenzako kidole. Na ukishamkosea hadharani, muombe radhi hadharani.